Soya haidai urea, inadai fosforasi na bakteria walio hai

Agosti 8, 2022, kwenye viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa ruzuku ya mbolea. Ulikuja wakati wake. Vita vya Ukraine vilikuwa vimepandisha bei ya mbolea duniani kote, na mfuko wa kilo 50 wa urea, mbolea ya naitrojeni ya kukuzia, uliokuwa umevuka shilingi 120,000 ukashushwa hadi 70,000 kwa mkulima aliyejisajili. Kwa mkulima wa mahindi wa Mbozi, Njombe au Songea, ruzuku ile iliokoa msimu, na sioni sababu ya kuibeza.

Lakini mkulima huyohuyo wa mahindi ana kipande cha soya pembeni. Anapofika kwa wakala wa pembejeo anaulizia mbolea, anauziwa ya kupandia na ya kukuzia, anarudi nyumbani na kuigawa shamba zima, mahindi kwa soya. Hakuna aliyemweleza kwamba mazao hayo mawili hayali chakula kimoja. Urea anayoimwaga kwenye soya kwa sehemu kubwa ni fedha iliyotupwa: fedha yake, na fedha ya Serikali iliyompunguzia bei.

Tupige hesabu. Punje ya soya ina protini karibu asilimia 40, na protini haijengeki bila naitrojeni. Makadirio yanayotumiwa sana na watafiti ni kwamba mmea huchukua kama kilo 80 za naitrojeni ili kutoa tani moja ya punje, ukijumlisha na kile kinachokaa kwenye shina na majani. Anayelenga tani 2 kwa hekta anahitaji kilo 160. Mfuko wa urea una kilo 23 tu za naitrojeni. Hiyo ni mifuko 7 kwa hekta, karibu mitatu kwa ekari, na hapo tumechukulia kwamba hakuna hata chembe iliyosombwa na mvua. Hata kwa bei ile ya ruzuku ni karibu shilingi 200,000 kwa ekari moja, kwa ajili ya naitrojeni peke yake. Hakuna mkulima wa soya anayenunua kiasi hicho, na hapaswi kukinunua. Anayemwaga nusu mfuko kwa ekari amelipia sehemu ndogo ya hitaji, na kwa kufanya hivyo ameanza kuharibu njia ambayo ingempa kiasi kikubwa kilichobaki bila kulipa.

Njia yenyewe iko mizizini. Hewa tunayovuta ina naitrojeni asilimia 78, ila mmea hauwezi kuitumia ikiwa katika hali hiyo. Kiwandani inabadilishwa kwa joto kali na mgandamizo mkubwa, kwa gesi asilia, ndiyo maana gesi ikipanda Ulaya, urea inapanda Makambako. Bakteria wa jamii ya Bradyrhizobium hufanya kazi hiyohiyo kwenye joto la kawaida la udongo. Wanaingia kwenye mzizi mchanga, mmea unawajengea vinundu, unawalisha sukari, nao wanaulipa kwa naitrojeni. Elimu hii haina ugeni wowote. Mwaka 1888 Wajerumani Hellriegel na Wilfarth walishaonyesha kwamba mimea ya jamii ya mikunde hupata naitrojeni ya hewani kupitia vinundu, na mwaka huohuo Mholanzi Beijerinck akawatenga bakteria wenyewe maabara.

Swali ni kwa nini basi soya yetu inapauka, majani ya manjano, kwenye udongo uliojaa bakteria wa kila namna. Jibu ni kwamba soya inachagua. Asili yake ni Asia ya Mashariki, na bakteria wanaoelewana nayo vizuri wamezoea udongo wa huko. Hapa kwetu iliingia mwaka 1907, enzi za Wajerumani, kwenye kituo cha utafiti cha Amani, Tanga. Mbegu husafiri kwa gunia, lakini bakteria wake hubaki kwenye udongo wa kwao. Kunde na karanga hazina shida hiyo, maana wenzao wamejaa ardhini mwetu tangu zamani. Kwa kuliona hilo, watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha kitropiki iliyoko Ibadan, Nigeria, walianza mwishoni mwa miaka ya 1970 kuzalisha aina za soya zinazokubali kuungana na bakteria wa kienyeji, zile zinazoitwa TGx, na Zambia wakawa na Magoye yao yenye tabia hiyohiyo. Njia ya pili ni kuwaleta bakteria wenyewe: wanakuzwa kiwandani, wanachanganywa na unga wa kuwabeba, wanafungwa kwenye pakiti, na mkulima anaupaka unga huo kwenye mbegu asubuhi ya kupanda.

Njia hii ya pili ndiyo inayohubiriwa sana siku hizi kwenye semina za wakulima, na mahubiri yenyewe yamezidi kipimo. Nimesikia mkulima akiahidiwa mavuno mara mbili kwa pakiti moja. Takwimu hazisemi hivyo. Mradi wa N2Africa, uliosimamiwa na Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi, ulikusanya matokeo ya mashamba ya wakulima katika nchi kumi za Afrika kusini mwa Sahara, na uchambuzi wake ukachapishwa mwaka 2018. Wastani wa mavuno bila bakteria ulikuwa kilo 1,227 kwa hekta, na kwa kuwapaka, kilo 1,343. Tofauti ni kilo 116 kwa hekta, yaani kama kilo 47 kwa ekari. Zaidi ya hapo, shamba na shamba zilipishana sana. Wapo waliopata ongezeko kubwa na wapo ambao hawakuona kitu, na wachambuzi hawakupata ushahidi kwamba mazingira ya mashamba ndiyo yanayoeleza tofauti hiyo.

Kilo 47 ni kidogo au ni nyingi? Chukulia bei ya shilingi 1,000 kwa kilo: ni shilingi 47,000 kwa ekari, kutokana na pakiti ambayo bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya mfuko mmoja wa urea. Ni pembejeo chache dukani zinazorudisha kiasi hicho kwa gharama hiyo. Kwa hiyo ninaiunga mkono pakiti kwa moyo wote. Ninachokipinga ni kuiuza kama muujiza, kwa sababu mkulima aliyeahidiwa mara mbili akapata kilo 47 za ziada ataona ametapeliwa, na msimu ujao hatainunua tena hata kama imemlipa.

Lakini uchambuzi mwingine wa mradi huohuo, wa kaskazini mwa Nigeria, uliochapishwa mwaka 2016, unatuonyesha mahali pa kutazama. Huko fosforasi peke yake iliongeza wastani wa kilo 452 kwa hekta. Bakteria peke yao, 447. Vyote viwili kwa pamoja, 777. Ningependa kila afisa ugani wa Ruvuma na Njombe awe na namba hizo tatu kichwani, kwa sababu zinafuta ule ubishi wa mbolea dhidi ya bakteria. Kila kimoja kinaacha pengo ambalo mwenzake analijaza.

Sababu ya kisayansi iko wazi. Kuvunja naitrojeni ya hewani ni kazi inayokula nguvu nyingi mno: kwa kila molekuli moja ya naitrojeni, kinundu huteketeza angalau molekuli 16 za ATP, ambayo ndiyo sarafu ya nguvu ndani ya seli yoyote iliyo hai, na ATP haitengenezwi bila fosforasi. Soya iliyopandwa kwenye udongo usio na fosforasi inaota vinundu vichache na vidogo, na vichache hivyo havina nguvu ya kufanya kazi. Unaweza kuipaka mbegu bakteria bora kuliko wote duniani, wakafika shambani salama, wakaingia mzizini, halafu wakakaa na njaa.

Basi niseme wazi kuhusu mifuko iliyopo dukani, maana hapa ndipo mkulima anapochanganywa. DAP ya kupandia si adui wa soya. Mfuko wa kilo 50 una kilo 9 tu za naitrojeni, kiasi ambacho mche mchanga unaweza kukitumia kabla vinundu havijaanza kazi, na una fosforasi ya kutosha. TSP ni nzuri zaidi, maana ni fosforasi bila naitrojeni. Kinachoharibu ni urea ya kukuzia. Mmea ukikuta naitrojeni tele kwenye udongo hauna sababu ya kulisha bakteria. Vinundu vinapungua na vile vilivyopo vinazembea. Mvua ikishaisomba ile urea, mmea unabaki hauna hiki wala kile, tena wakati wa kujaza punje, ambapo hitaji la naitrojeni liko juu kabisa.

Tunayo pia Minjingu, mkoani Manyara. Mwamba wa fosfeti unachimbwa hapa nchini, na sifa yake kubwa ni kwamba unayeyuka vizuri kwenye udongo wenye tindikali. Udongo wenye tindikali ndio tulionao sehemu kubwa ya Nyanda za Juu Kusini. Sijui nchi ngapi za Afrika zimejaliwa mwamba wa aina hiyo na zao linaloudai hivyo kwa pamoja. Soya ingekuwa hoja ya kwanza ya kuusambaza mpaka Namtumbo, badala ya kusubiri meli ya fosfeti kutoka ng'ambo.

Kuhusu tindikali yenyewe, nayo ina la kusema. Pale pH inaposhuka chini ya 5.5, aluminiamu inayeyuka na kuumiza mizizi, fosforasi inanaswa na udongo, na molibdenamu, madini ambayo bakteria wanayahitaji kwa kiasi kidogo sana lakini bila hayo hawafanyi chochote, inakuwa adimu. Dawa ni chokaa ya kilimo. Ni nzito, usafiri wake ni ghali kuliko yenyewe, na faida yake huonekana kwa misimu kadhaa, si mmoja. Mkulima aliyekodi shamba kwa mwaka hawezi kuiweka. Hilo ni tatizo la umiliki wa ardhi kuliko la kilimo, na semina haitalitatua.

Sasa turudi kwenye pakiti, kwa sababu hapa ndipo mambo mengi yanapoharibikia. Mfuko wa urea ukikaa stoo mwaka mzima, ukiwa mkavu, bado ni urea. Pakiti ya bakteria ina viumbe hai ndani. Ikiachwa kwenye rafu iliyo chini ya bati mchana wa Oktoba, au kwenye dashibodi ya gari kutoka Songea hadi kijijini, inawezekana kabisa mkulima akanunua unga mweusi usio na uhai. Kwa macho huwezi kutofautisha. Mkulima atafuata kila hatua na hatapata kitu, na atakuwa sahihi kusema haifanyi kazi.

Ikiwa hai, kazi yake ni nyepesi, ila ina masharti. Unachukua mbegu kwenye beseni, kivulini. Unazilowesha kidogo kwa maji yenye sukari au gundi ili unga ushike, kisha unamimina unga, kama gramu 10 kwa kila kilo ya mbegu, na kugeuzageuza taratibu kwa mkono mpaka kila punje ipate rangi nyeusi. Ukisugua kwa nguvu ganda la soya linapasuka, maana ni jembamba. Unaziacha zikauke kidogo palepale kivulini na kuzipanda siku hiyohiyo, ukifukia kila mstari mara unapoutia mbegu. Wengi wanakosea hapo: shimo linaachwa wazi, jua linapiga, bakteria wanakufa kabla hawajaonja udongo. Kosa jingine ni kuchanganya mbegu zilizopakwa na mbolea ya chumvichumvi kwenye ndoo moja ili kuokoa muda. Mbolea iende kwenye mfereji, ifunikwe kwa udongo kidogo, ndipo mbegu ifuate. Na mbegu iliyokwisha kupakwa dawa ya ukungu kiwandani isipakwe bakteria kabla ya kuuliza, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo huwaua.

Wiki sita hadi nane baadaye, soya ikianza kutoa maua, mkulima anaweza kujipimia mwenyewe bila maabara. Achimbe mmea kwa jembe, asiung'oe, maana ukiung'oa vinundu vinabaki ardhini. Aoshe mizizi kwenye ndoo, achukue kinundu na kukikata kwa ukucha. Ndani pakiwa pekundu au pinki, kazi inaendelea: rangi hiyo hutokana na protini inayofanana na ile ya damu yetu, inayodhibiti oksijeni ndani ya kinundu. Pakiwa peupe au kijani, bakteria hawafanyi kitu, au wale walioingia si wale wanaofaa. Nimewaona wakulima wakikaa muda mrefu mbele ya kinundu chekundu baada ya kukikata kwa mara ya kwanza. Kipimo hiki kinashawishi kuliko kipeperushi chochote.

Kila tunapozungumzia bakteria wa soya, jina la Brazil hutajwa, na ni haki. Johanna Döbereiner, mwanasayansi aliyezaliwa Czechoslovakia akahamia Brazil, alisimama kidete kuanzia miaka ya 1960 akitaka soya ya nchi hiyo ijengwe juu ya bakteria badala ya naitrojeni ya kiwandani. Mwaka 2025, Mariangela Hungria wa shirika la utafiti la Embrapa alipata Tuzo ya Chakula Duniani kwa kuiendeleza kazi hiyo. Leo Brazil ndiyo mzalishaji mkubwa wa soya duniani, inavuna zaidi ya tani 3 kwa hekta, na wakulima wake wengi hupaka mbegu bakteria kila msimu. Tafiti za Hungria zimeonyesha kuwa kurudia kupaka kila mwaka huongeza kama asilimia 8, na kuwachanganya na bakteria wengine, Azospirillum, huongeza kama asilimia 16.

Ila hadithi ya Brazil husimuliwa nusu. Kabla bakteria hawajaonyesha makali yao kwenye nyanda za Cerrado, udongo wa huko, wenye tindikali kali na uhaba wa fosforasi, ulimwagiwa chokaa na fosfeti kwa wingi, kwa msaada wa mikopo ya serikali. Na pakiti yenyewe inalindwa na sheria: bidhaa ya bakteria wa soya haikubaliki sokoni kama haina angalau seli hai bilioni 1 kwa kila gramu. Anayetuletea bakteria wa Brazil bila chokaa, bila fosfeti na bila ukaguzi wa Brazil ametuletea robo ya kilichofanyika kule.

Uwezo wa kutengeneza upo jirani na upo nyumbani. Kenya wana Biofix, iliyotoka Chuo Kikuu cha Nairobi na sasa inatengenezwa kibiashara Nakuru. Hapa kwetu Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kiliwahi kutengeneza Nitrosua, lakini haikufika kuwa bidhaa ya kawaida kwenye maduka ya vijijini. Kilichokosekana kwa miaka yote hii si ujuzi wa maabara, ni mnunuzi wa uhakika anayemfanya mtengenezaji aamini kwamba pakiti atakazozikuza Septemba zitanunuliwa kabla hazijafa.

Mnunuzi huyo anaweza kupatikana. Soya ya Ruvuma inauzwa kwa stakabadhi ghalani kupitia AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima, kwa hiyo chama kinajua nani analima na kiasi gani. Soko lipo: viwanda vya chakula cha kuku vinahitaji soya, na tangu Oktoba 2020 China ilishafungua mlango kwa soya ya Tanzania. Mfumo wa ruzuku unamtambua mkulima kwa namba yake. Vitu vitatu hivyo vikiunganishwa, mkulima aliyeandikisha soya angepewa haki ya kuchukua fosforasi, iwe TSP au Minjingu, pamoja na pakiti ya bakteria ya ekari yake, badala ya urea ya kukuzia. Ruzuku haiongezeki hata shilingi. Kinachoongezeka ni kazi ya ukaguzi. Mkaguzi wa mbolea amezoea kupima uzito wa mfuko na virutubisho vilivyomo, na kwa pakiti hii anahitaji maabara inayohesabu viumbe hai, na anahitaji kuchukua sampuli dukani kijijini, siyo bandarini wala kiwandani, kwa kuwa safarini ndiko bakteria wanakofia.

Kuna jambo moja zaidi ambalo watetezi wa soya, mimi nikiwemo, tunalipita haraka. Tunasema soya inarutubisha ardhi, na mahindi ya msimu unaofuata yatanufaika. Inategemea unavunaje. Naitrojeni nyingi iliyovutwa kutoka hewani inaondoka na punje. Mkulima aking'oa mmea mzima na mizizi yake, akaubeba hadi nyumbani kuupura, kisha akachoma mabua au akayaacha uwanjani, shamba linaweza kubaki na naitrojeni pungufu kuliko mwanzo. Akikata kwa mundu juu ya ardhi, mizizi na vinundu vikabaki, na mabua yakarudishwa shambani, hapo mahindi yatapata sehemu yake.

Ratiba nayo haisubiri. Soya ya kusini hupandwa zaidi Desemba na Januari, na pakiti nyingi hukaa hai kwa takriban miezi sita tu zikitunzwa kwenye ubaridi wa kiasi. Maana yake ni kwamba chama kinatakiwa kuwa kimekusanya oda za wanachama kufikia Septemba, na pakiti ziingie vijijini Novemba, zisikae stoo tangu mwaka uliopita. Kila kata iwe na shamba la mfano lenye mistari michache isiyopakwa kitu, ipandwe ya kwanza kabla mikono haijagusa unga, kisha mistari ya fosforasi tupu, ya bakteria tupu, na ya vyote viwili. Ikifika maua, wakulima waitwe na ndoo ya maji na jembe, wachimbe wenyewe.